Deni la Bodi halikuui, kinachokuua ni lile la pembeni

Kuna imani imeota mizizi hapa Tanga, kuanzia vijiwe vya Ngamiani mpaka kwa walimu wa Pongwe na Maramba, kwamba deni baya kuliko yote ni la Bodi ya Mikopo, hii inayokopesha wanafunzi wa elimu ya juu, yani kijana akimaliza chuo tu kitu cha kwanza anachofundishwa na waliomtangulia ni namna ya kuikwepa Bodi, atafute kazi isiyo na makato, abadili laini ya simu, akipigiwa na namba ngeni asipokee. Na huyo huyo anayeikimbia Bodi ukikaa nae vizuri ukamuuliza mambo yake utakuta ana mikopo mitatu ya mtandaoni kwenye simu, kadi ya benki kaiacha kwa mkopeshaji, na kikoba cha mtaani wanamdai. Mi nasema tumekosea pa kuelekeza hofu. Deni la Bodi kwa hali ya sasa hivi ndo deni la bei rahisi kuliko yote ambayo mtu wa kawaida atawahi kuyapata maishani, na ukiliacha likakutisha ukakimbilia ya pembeni unaharibu mfuko na unaharibu jina kwa wakati mmoja.

Lakini tuwe wakweli, hofu hii haikutoka hewani. Bodi ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004 na ikaanza kazi Julai 2005, makato yakawa asilimia 8 ya mshahara, halafu mwaka 2016 sheria ikabadilishwa yakapanda mpaka asilimia 15, na waliosaini mkataba wa asilimia 8 nao wakaingizwa humo humo. Juu ya hapo kulikuwa na ile tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kwa mwaka, na adhabu ya asilimia 10 kwa aliyechelewa kuanza kulipa. Sasa chukua kalamu tupige hesabu. Tuseme mtu katoka chuo na deni la milioni 12, kaajiriwa ualimu kwa mshahara wa msingi wa 800,000. Asilimia 8 ya mshahara huo ni 64,000 kwa mwezi. Asilimia 6 ya milioni 12 ni 720,000 kwa mwaka, ambayo ukiigawa kwa miezi ni 60,000. Yani mwalimu anakatwa 64,000 na katika hiyo inayopunguza deni kweli ni 4,000, elfu nne! Mtu kakatwa miaka mitano anaomba taarifa ya deni lake anakuta limesimama pale pale, na kama alichelewa kuanza lilikuwa limeshaongezwa milioni 1 na laki 2 za adhabu. Hapo mtu akikwambia Bodi ni kaburi utambishia nini? Waliopita kipindi kile wana haki ya kuwa na uchungu, mi siwalaumu hata kidogo.

Kilichobadilika ni mwaka 2021. Rais Samia alitangaza Mei Mosi pale Mwanza kwamba ile asilimia 6 inaondolewa, na mwaka huo huo na ile adhabu ya asilimia 10 nayo ikafutwa. Hii habari ilitangazwa sana lakini nakutana na watu wengi, wasomi kabisa, hawajaibeba kichwani, bado wanaongelea Bodi ya 2015. Rudi kwenye hesabu ile ile: milioni 12, mshahara 800,000, asilimia 15 ni 120,000 kwa mwezi, na sasa hiyo 120,000 karibu yote inakwenda kupunguza deni. Ni miezi 100. Miaka minane na miezi minne deni limeisha. Ni mrefu, ndio, lakini una mwisho unaoweza kuuweka kwenye kalenda, na kila mwezi unaopita deni linashuka, haliwezi kupanda. Halafu ongeza kitu ambacho watu hawakihesabu, bei za vitu zinapanda kama asilimia 3 kila mwaka, kwahiyo hiyo 120,000 utakayolipa mwaka wa nane itakuwa nyepesi kuliko 120,000 ya leo. Niambie ni nani mwingine atakukopesha milioni 12 bila riba ukiwa huna nyumba ya kuweka rehani, huna kazi, una miaka 20 na cheti cha kidato cha sita tu mkononi.

Na kwa sisi wa huku pwani kuna jambo jingine zito. Wakati wa ile asilimia 6 kulikuwa na wazee na masheikh waliokuwa wanasema wazi hii ni riba, na wapo vijana wazuri wa dini walioacha kuomba mkopo wakabaki nyumbani kwa ajili hiyo, wengine walichukua kwa kuwa hawana njia lakini moyo ukawa mzito wakakataa kulipa kile cha ziada. Nawaelewa. Lakini hicho kilichokuwa kinabishaniwa kimeshaondolewa, kilichobaki ni deni lenyewe ulilolila ukiwa chuo, na deni kwetu tunajua uzito wake. Hakuna jeneza linatoka nyumba yoyote ya Makorora au Chumbageni bila mtu kusimama na kusema kama kuna anayemdai marehemu ajitokeze azungumze na wafiwa. Tunamtafuta anayedai elfu ishirini ya duka, halafu milioni 12 iliyosomesha mtu tunasema ni pesa ya serikali haina mwenyewe. Ina mwenyewe. Pesa inayorudishwa ndo inakopeshwa tena kwa mtoto wa Lushoto anayemaliza Galanos au Usagara mwaka huu anayesubiri hiyo elfu 10 ya siku ya kula na kulala ili aweze kukaa chuoni.

Sasa nije kwenye lile deni ninaloliona linaua.

Mwalimu wetu yule wa 800,000, tuangalie slipu yake ya mshahara. Mfuko wa pensheni asilimia 5, hiyo 40,000. Bima ya afya asilimia 3, hiyo 24,000. Kodi ya mshahara kama 68,000. Chama cha wafanyakazi asilimia 2, 16,000. Bodi 120,000. Jumla 268,000, anabaki na 532,000. Kwa Tanga, ukipanga chumba na sebule Mikanjuni au Duga, ukala samaki kwa msimu wake, ukawa na baiskeli yako, 532,000 mtu mmoja anaishi. Shida ni kwamba mtu hayupo peke yake, ana mama Korogwe, ana mdogo wake anaenda kidato cha tano, ana mchango wa harusi na mchango wa msiba kila wiki, na siku ya 18 ya mwezi pesa imekata. Ndo hapo anaingia mtu wa kausha damu, mkopeshaji wa mtaani wa riba kubwa.

Hesabu yao ni hii, wala hawaifichi. Unachukua 200,000 leo, mwisho wa mwezi unarudisha 260,000. Huna 260,000? Basi lete 60,000 ya riba, ile laki mbili ibaki. Mwezi ujao tena 60,000. Baada ya miezi minane umelipa 480,000 na bado unadaiwa 200,000 ile ile uliyochukua siku ya kwanza. Yani huyu mtu analalamika Bodi inamkata 120,000 ambayo kila shilingi yake inamtoa kwenye deni, wakati 60,000 anayompelekea jamaa wa mtaani haimtoi popote. Na wengine wanaacha kadi ya benki na namba ya siri kabisa, mshahara ukiingia anayeutoa ni mkopeshaji, yeye anapewa kilichobaki. Nisikilize kaka, nisikilize dada: hakuna mkopeshaji halali anayehitaji namba yako ya siri. Hakuna. Akikuomba hiyo inuka uondoke.

Sheria ipo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ni ya 2018, kanuni zake zikatoka 2019, na Benki Kuu imeweka ukomo kwamba wakopeshaji wa daraja la pili, hawa wasiopokea amana, wasizidishe riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki mbili hiyo ni 7,000, iweke karibu na ile 60,000 uone pengo lilivyo. Kwa hawa wa mtandaoni Benki Kuu ilitoa mwongozo 2024, na Novemba mwaka huo ikatoa orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni. Wale ndo waliokuwa wanachukua namba zote za kwenye simu yako halafu ukichelewa siku mbili wanamtumia meseji bosi wako, mkwe wako na imamu wa msikiti kwamba wewe ni tapeli. Orodha ilisaidia lakini majina mapya yanazaliwa kila siku, kwahiyo kabla hujabonyeza kukubali angalia kwanza kama aliyekukopesha ana leseni ya Benki Kuu, na kama programu inaomba kusoma namba za watu kwenye simu yako achana nayo hata kama una shida ya maji ya shingo.

Nimesikia watu wakisema hawana pa kwenda tofauti na huko. Si kweli kwa wote. Kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, haina riba, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, inahitaji kikundi kilichosajiliwa na uvumilivu wa makaratasi. Kuna saccos za kazini. Kuna vikoba vyetu akina mama wa Tanga wanavyoviendesha kwa nidhamu kuliko ofisi nyingi, hata kama riba ipo inarudi kwa wanachama wenyewe mwisho wa mwaka. Hivi vyote vinachukua muda, na mwenye njaa hana muda, najua, ndo maana vinatakiwa kuingiwa kabla ya shida haijafika.

Tuje kwenye jina. Watu wengi hawajui kama Tanzania kuna kanzidata ya taarifa za mikopo. Ipo, iko chini ya Benki Kuu, kanuni zake ni za mwaka 2012, na zipo kampuni mbili zilizopewa leseni ya kutoa ripoti za wakopaji, Creditinfo na Dun & Bradstreet. Benki inapokukopesha inapeleka taarifa kule, ulikopa kiasi gani, unalipa kwa wakati au unachelewa, umeacha kulipa tangu lini. Ukienda benki nyingine kuomba mkopo wa kumalizia nyumba Kange, kabla hawajakwambia kaa chini wameshavuta ripoti. Hii mikopo midogo ya kwenye simu ambayo nyuma yake kuna benki nayo ni mikopo kama mikopo mingine. Nimeona mtu ana mshahara mzuri, ana kiwanja kina hati, anakataliwa mkopo kisa ana kimkopo cha simu cha 35,000 alikiacha kwenye laini aliyoitupa. Elfu thelathini na tano. Hakuna aliyempigia simu, hakuna dalali aliyekuja mlangoni, akajua limeisha.

Na hapa kuna kitu kinanikera kidogo. Vijana wetu wakitafuta elimu ya kusafisha jina wanaangukia video za Wamarekani, wanaanza kuongelea pointi 850, sijui fungua kadi ya kredit utumie kidogo ulipe. Ile ni nchi nyingine na mfumo mwingine. Kule alama zinaanzia 300 mpaka 850, taarifa mbaya nyingi zinakaa kwenye ripoti miaka 7 halafu zinatoka, mkopo wa chuo una riba, na hata mtu akitangaza kufilisika mkopo wa chuo ni mgumu sana kufutika. Kule pia kuna sheria ya 1996 inayomkataza mtu anayejiita msafisha ripoti kuchukua hela yako kabla hajafanya kazi, kwa sababu matapeli walijaa. Hicho kipande cha mwisho ndo cha kuchukua. Akitokea mtu akakwambia mpe 50,000 akutolee jina kwenye mfumo, hana uwezo huo, taarifa iliyo sahihi haitolewi kwa hela ya mtu, inayotolewa ni iliyokosewa na hiyo una haki ya kuipinga mwenyewe.

Kusafisha jina kwa huku kwetu ni kazi ya kawaida kabisa ila inataka utulivu. Unaanza kwa kuomba ripoti yako, iwe kwa kampuni yenyewe au kwa kuuliza benki yako inapatikanaje, halafu unakaa nayo unaisoma mstari kwa mstari ukiwa na meseji zako za malipo pembeni. Utakuta vitu vya aina mbili. Kuna ambavyo sio vyako au umeshalipa bado vinaonekana unadaiwa, hivyo unarudi kwa aliyevipeleka, kwa maandishi, na risiti, kwa sababu ni yeye anayetakiwa kusahihisha, na unafuatilia mpaka uone ripoti mpya imebadilika, usiridhike na ahadi ya dirishani kwamba tutashughulikia. Na kuna ambavyo ni vyako kweli. Hivyo unalipa, unaanza na vile vidogo vya simu kwa sababu kimoja kimoja ni cha kumaliza kwa wiki, unadai barua au meseji ya kuthibitisha deni limeisha, unaihifadhi, sio kwenye simu tu maana simu zinaibiwa, itume kwenye barua pepe yako pia. Baada ya hapo kinachokujengea jina ni muda. Miezi ya kulipa bila kuchelewa ndo inamfanya afisa mikopo akuangalie kwa jicho jingine, hakuna njia ya mkato hapo.

Utaratibu wa nani alipwe kwanza ndo nauona umepinduka vichwani mwa watu. Nilizungumza na kijana mmoja, alipata vihela vya malimbikizo kama milioni na nusu, akawa anataka aipeleke yote Bodi apunguze deni kwa sababu ndo linamnyima usingizi, wakati huo ana 400,000 ya kausha damu inayozaa kila mwezi. Nikamwambia usithubutu. Deni lisilozaa liache liende na kato lake la mwezi, maliza kwanza linalozaa, la mtaani liishe wiki hii hii, kadi yako urudi nayo nyumbani, ubadili na namba ya siri, kisha vidogo vya simu, kisha weka hata 300,000 pembeni ya dharura ili siku ya 18 ya mwezi isikurudishe kule. Ikibaki ndo ufikirie kuiongezea Bodi. Mtu atasema nafundisha watu wasilipe Bodi. Hapana. Nataka walipe kila mwezi bila kukosa, na wasifanye haraka ya kumaliza deni la bure wakati wanafugia deni la asilimia 30.

Wafanyakazi wa serikali wana mtego wao pia. Kanuni inasema mtumishi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara baada ya makato, kwahiyo mwajiriwa mpya ambaye kato la Bodi halijaanza anaonekana ana nafasi kubwa, benki inampa mkopo mpaka kwenye ukuta wa theluthi, ananunua pikipiki na kuezeka nyumba ya wazazi, mwezi wa tano Bodi inampata na asilimia 15 yake. Kato la Bodi ni la sheria haliombi ruhusa. Hapo ndo walimu wengi wa Mkinga na Muheza wameumia. Ukipata ajira leo hesabu asilimia 15 kama imeshaondoka hata kama kwenye slipu haijatokea, na ni bora ujitokeze mwenyewe ianze mapema.

Walio shule za binafsi na kampuni ndogo ndogo waangalie upande wa mwajiri. Sheria inamtaka aijulishe Bodi ndani ya siku 28 tangu akuajiri, na pesa aliyokukata aipeleke ndani ya siku 15 baada ya mwezi kuisha. Kuna dada namfahamu alikatwa karibu miaka miwili kwenye shule moja, kuja kuangalia taarifa yake Bodi hakuna kilichoingia, mwenye shule alikuwa anazungusha ile hela kulipa wapishi. Slipu zake alikuwa anazo zote, ndo zilizomuokoa. Kwahiyo kila baada ya miezi michache ingia kwenye akaunti yako ya Bodi linganisha, usisubiri umalize kazi.

Lakini sitaki ionekane nalaumu upande mmoja, Bodi nayo ina mambo ya kurekebisha na nitayasema.

La kwanza na kubwa ni kima cha chini kwa waliojiajiri. Utaratibu unasema asilimia 10 ya kipato au isiyopungua 100,000 kwa mwezi. Kwa mwenye kampuni ya ushauri Dar 100,000 ni kidogo. Kwa kijana mwenye shahada ya ualimu anayeendesha bodaboda ya mtu kati ya Kange na mjini, anapeleka hesabu kwa mwenye pikipiki kila jioni, anabaki na elfu saba au nane siku nzuri na siku ya mvua hana kitu, 100,000 ni nusu ya kipato chake. Aliyeajiriwa anakatwa 15 kwa mia, huyu asiye na ajira anaombwa 50 kwa mia, halafu tunashangaa kwanini hajitokezi. Angeruhusiwa aanze na 20,000 kwa simu kila mwezi angelipa, na angekuwa na rekodi, na siku akipata ajira Bodi ingekuwa inamjua. Sasa hivi kwa kuwa hawezi 100,000 analipa sifuri. Elfu ishirini ya watu wengi ni nyingi kuliko laki moja ya watu wasiokuwepo.

La pili ni hawa wa mikataba mifupi. Mradi wa bomba la mafuta kutoka Hoima mpaka Chongoleani hapa, kilomita 1,443, umewapa kazi vijana wetu wengi, lakini mkataba ni miezi sita, mwaka, unakatwa vizuri halafu mkataba unaisha, unarudi mtaani, malipo yanakatika ghafla. Mtu huyu hajagoma kulipa, kazi imeisha. Kungekuwa na njia rahisi kwenye simu ya kusema mkataba wangu umekwisha tarehe fulani, nipunguzieni mpaka nipate nyingine, na ikaandikwa hivyo, asingeingia kundi moja na anayefanya biashara ya mamilioni na anajificha.

Na hii kampeni ya Bodi ya Fichua, ya kuwataka watu wawataje wadaiwa ili wawe hero wa madogo, naelewa inakotoka maana kuna watu wana magari mawili na hawajalipa hata mia, hao wafichuliwe kweli. Ila peke yake haitoshi. Anayelipa miaka minane bila kukosa hata mwezi, anapata nini? Kwa maoni yangu taarifa yake nzuri ingepelekwa kwenye ripoti za wakopaji kwa nguvu ile ile inayopelekwa ya asiyelipa, benki zikaiona, zikampa riba nafuu. Binti aliyemaliza miezi 100 ya Bodi ameshathibitisha anaaminika kuliko mtu yeyote anayeingia benki na suti. Hiyo ndo ingewafanya vijana waanze kuona deni la Bodi kama mkopo wa kwanza wa kujijengea jina, hasa hapa kwetu ambapo ardhi nyingi za familia hazina hati na dhamana pekee mtu aliyonayo ni historia yake.

Sheria inampa mhitimu miezi 24 kabla ya kutakiwa kuanza kulipa. Wengi wanaitumia kusahau. Wewe uliyemaliza mwaka huu, itumie hivi: jua deni lako ni kiasi gani kamili leo, sio kwa kukisia, toa taarifa yako. Lipia vimkopo vya simu ulivyochukua ukingojea bumu, ile pesa ya kujikimu chuoni, vyote, kabla laini haijafa. Ingia kikoba au saccos sasa hivi ukiwa na elfu tano tano. Mwambie mdhamini aliyesaini fomu yako, mjomba au mama, hali ikoje, maana jina lake nalo limo mle. Na ukipata hata kibarua cha miezi mitatu, omba namba ya malipo ulipe kidogo kabla hujaitwa, kwa sababu kila utakacholipa ndani ya miezi hiyo kinapunguza deni zima na hakuna anayekudai bado.

Na wewe uliyeshapitiliza, una miaka sita hujagusa, unaogopa ukijitokeza watakukamata: ile adhabu ya asilimia 10 haipo tena, na tangu 2021 deni lako halijazaa usiku ulipolala. Nenda na kitambulisho chako cha NIDA, uliza salio, uliza mpango wa kulipa, na wakikwambia laki moja na huna laki moja sema una ngapi na uandike barua, uache nakala yenye muhuri.